Ni ya Kupanga Tu

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, na najua tutalia, kwa hivyo hapa naziruka. Nakuandikia baada ya swala ya alasiri. Umewachukua Nasra na Yahya mmevuka kwenda Kisauni kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatawaachia mpaka mle mara mbili. Nyumba imenyamaza. Nimekaa kwenye cherehani yangu lakini sishoni, leo nimeifanya meza. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, chini ya nguo za Yahya za kubadilisha, ambako najua utatia mkono kabla ndege haijafika popote.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Kulisha watoto na kuwavisha unajua kuliko mimi nilivyojua nikiwa na umri wako. Baridi ya Kanada siijui, na nikianza kukupa mashauri ya baridi mimi mtu wa Timbwani, utanicheka mpaka ukae chini. Nataka kukwambia juu ya mambo mawili uliyoyasema jana, ambayo tangu hapo hayajaniacha.

La kwanza ulilisema ulipoyatoa mapazia kwenye sanduku. Nilikuwa nimemwomba mumeo Farid anipimie madirisha ya hiyo nyumba aliyoipanga, naye maskini ya Mungu akapima, akanitumia vipimo kwa simu, nami nikashona. Ukayafungua, ukayashika, ukayakunja tena vizuri kwa adabu zako zote, ukaniwekea kitini. Ukasema, "Mama, haya mazito, na ile nyumba ni ya kupanga tu. Tutatundika hata shuka. Ni miaka michache, tutarudi."

La pili ulilisema baadaye, umeshika ufunguo wa chumba chako. "Mama, nakuomba chumba changu ukifunge. Asilale mtu. Kitanda na kabati viache vilivyo, nijue kwangu kupo." Nikakujibu, "Haya, mwanangu." Kisha nikaenda jikoni kukaanga samaki ambao walikuwa wameshakaangwa.

Hasira ya mapazia nimeshaimeza. Nina wateja wa kutosha, hayatakosa dirisha. Kilichonitoa jasho ni kwamba maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi, hivyo hivyo ulivyoyasema, nilipokuwa na umri kama wako na mtoto mkononi na mtoto kiunoni, mbele ya mlango wa nyumba ya kupanga kule Sharja, Uarabuni.

Wewe Sharja unaikumbuka kwa lifti. Kila ukihadithia watu ni lifti tu, na yule mlinzi wa jengo aliyekuwa akikuachia ubonyeze. Ulikuwa mdogo. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini kwenye boti zinazovuta meli kubwa kuziingiza bandarini, na kwa muda mrefu alikuwa akilala na wanaume wenzake chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, sufuria moja. Akatafuta nyumba, akaipata, akatuita. Siku ile alitupokea uwanja wa ndege amenyoa, amevaa kanzu ya Idi. Njia nzima hakunyamaza. Tulipofika alifungua mlango, akasimama pembeni ili mimi nitangulie, akasema, "Karibu kwako, Bi Mkubwa."

Ndani alikuwa ametandika zulia. Zulia jekundu, baya, maua makubwa kama sinia, lakini alilichagua mwenyewe na kulibeba mwenyewe mpaka ghorofa ya nne kwa sababu halikuenea kwenye lifti. Alikuwa akiningojea niseme neno.

Nikasema, "Kwangu ni Timbwani. Hapa ni pa kupanga tu."

Niliuona uso wake, Mwanaisha. Niliuona vizuri sana, nikajifanya naangalia jikoni. Alikwenda kuteremsha mizigo, na tangu siku ile mpaka anakufa hakuniambia tena karibu kwako, hata hapa nyumbani.

Basi tukakaa hivyo, kama watu wanaongoja kuitwa. Maboksi sikuyafungua. Moja tulilifanya meza, jengine wewe ulilikalia ukila. Vyombo vyangu vya harusi vilibaki kwenye magazeti yake. Mimi, fundi wa mapazia, ambaye nusu ya madirisha ya Likoni nimeyavika mimi, nilipigilia shuka kwa misumari na jua likawa linatuingilia ubavuni. Babako aliniletea vitambaa nikamwambia tusijitie gharama, tutarudi. Siku moja ulinitazama nikipika, ukaniuliza, "Mama, sisi tutahamia lini?" Nikacheka, nikampigia simu nyanyako kumhadithia. Sikufikiri kwamba mtoto alikuwa ameona jambo.

Na simu ndiyo ilikuwa nyumba yangu. Asubuhi Likoni, mchana Likoni. Nilijua nani ameposwa Timbwani na nani ameachika Mtongwe, nilijua hata mbuzi wa Mama Kadzo hapa jirani amezaa. Lakini nani anaishi ng'ambo ya ukuta wangu, sikumjua. Jina la barabara yetu sikulijua. Namba ya jengo sikuijua. Nikitaka kurudi kutoka sokoni nilifuata duka lenye taa ya kijani.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani huniweza. Unajua mtaani kwetu kulivyo kabla ya magharibi, watoto mbio na sahani zilizofunikwa, nyumba hii inapeleka tambi, ile inaleta kaimati. Na unajua bila kuambiwa kwamba sahani ya mtu huirudishi tupu. Ukiwa huna kitu, utatia tende. Huna tende, utatia sukari, utatia hata ndimu mbili. Kwetu anayemrudishia mwenzake sahani tupu amemwambia kwa ustaarabu kwamba hamtaki.

Nikashindwa kuvumilia tule peke yetu. Nikafungua boksi moja, la kwanza tangu tufike, nikatoa sahani ya harusi, ile nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Nikapanga mkate wa sinia, kaimati na sambusa, nikakupa wewe upeleke mlango wa mbele yetu, nami nikasimama mlangoni nikikutazama. Alifungua mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele amezikata fupi kama za mvulana. Mrusi, sijui, sijui wa wapi. Alipoiona sahani alishika kifua kwa furaha. Nilirudi ndani nikiwa mtu mwengine. Usiku ule nilimwambia babako kwenye simu kwamba huenda nikapata wa kuzungumza naye, hata kama ni kwa ishara.

Kesho yake akabisha. Amebeba sahani yangu kwa mikono miwili. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Na tupu. Alisema maneno mengi, katikati nikasikia asante ya Kiingereza, tena na tena, lakini sikumsikiliza. Nilikuwa naangalia sahani. Hata niliigeuza nyuma, Mwenyezi Mungu anisamehe, kana kwamba kitu kimejificha huko. Kisha nikafunga mlango. Sikuubamiza, ila niliufunga yeye bado amesimama.

Babako aliporudi kutoka baharini nilimhadithia. Alicheka. "Si ameiosha? Sasa yeye atajuaje mambo yetu? Mpelekee nyengine."

"Wallahi simpelekei. Mimi si muombaji wa urafiki."

"Bi Mkubwa, kiburi hicho kitakulaza njaa."

"Na kinilaze."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Na mimi nikisema huwa nimesema, unanijua. Tangu hapo akinisalimu kwenye ujia namjibu kwa midomo bila sauti. Siku moja alikupa peremende, nikakuvuta mkono mpaka ikaanguka. Mwisho akawa akituona anainamisha macho na kupita ukutani.

Sasa nakuja kwa nduguyo Twalib. Unajua ulikuwa na ndugu, unajua alikufa kwa homa na kaburi lake liko kule, na kila mwaka ukinikuta nasoma Yasini unakaa karibu yangu bila kuuliza. Ahsante kwa kutouliza. Lakini kesho unaondoka, na hili sitaki ulisikie kwa shangazi siku nimekufa.

Aliamka na joto. Alikuwa kashaanza kutambaa, na siku ile hakutambaa. Nilimpa dawa, nikamfuta kwa kitambaa cha maji. Babako alikuwa baharini, wewe uko chekechea. Karibu na adhuhuri likamshika degedege. Degedege nilikuwa nimeshaliona, ukikulia mtaani utaliona tu, lakini hapa Likoni nililiona nikiwa na wanawake. Mmoja hushika kichwa, mmoja huita gari, mmoja hukuambia usilie. Kule nilikuwa mimi na yeye. Nilishika simu nikaona siijui namba ya kuita gari la wagonjwa. Na hata ningeijua, Mwanaisha, ningewaambia waje wapi? Wafuate taa ya kijani? Sikuijua nyumba niliyokuwa nikilala.

Nikatoka naye kwenye ujia. Mlango wa yule mwanamke uko mbele yangu, na ndani redio inalia. Nikainua mkono nibishe. Niliuinua, wallahi, ulikuwa juu. Ikanijia ile sahani. Sikufikiri kwa maneno, ilinijia tu, na mkono ukashuka, nikageuka nikaenda kwenye lifti nitafute teksi.

Ilikuwa saa za jua kali, watu wamejifungia ndani, barabara tupu. Nilisimama pale. Muda gani, sijui, na sipendi kukisia. Mlinzi ndiye aliyenipatia gari. Hospitali walimpokea mbio, wakanifungia mlango, na kabla ya magharibi wakatoka kuniambia.

Daktari alisema maradhi yalikuwa yameshafika kwenye ubongo, na kwamba huenda hata angefika mapema asingepona. Huenda. Watu wote waliniambia nishike neno hilo, na mimi nimelishika, lakini halishikiki vizuri. Sikwambii kwamba kiburi changu kilimuua mwanangu. Ningekuwa najua hivyo, pengine ningeshatubu nikapumzika. Sijui, na kutojua ndiko ninakoishi nako.

Babako waliwahi kumleta kutoka baharini, tukamzika mtoto. Kesho yake ukabishwa mlango. Ni yule jirani wa sahani. Amebeba mkate aliouoka, na macho yamevimba kuliko yangu. Jina lake nililijua siku hiyo, anaitwa Lena. Babako alimkaribisha juu ya zulia lake jekundu na akawa ananitafsiria. Alisema alikuwa akifanya kazi usiku, kwa hivyo mchana ule alikuwa ndani. Alisema gari lake lilikuwa chini. Alisema alisikia mtoto kwenye ujia, akaja mpaka mlangoni, akashika kitasa. Kisha akajiambia yule mama hanipendi, nisimwingilie.

Babako alitafsiri mpaka hapo, sauti ikamkatika. Nilikuwa nikiuona ule mlango, mimi upande huu na mkono juu, yeye upande wa pili na mkono kwenye kitasa.

Babako hakuwa mtu wa kufichaficha, basi akamuuliza habari ya sahani. Yule mwanamke hakuelewa. Alieleza kwamba mamake alimfundisha chombo cha jirani kirudishwe upesi, kisafi kabisa, bila doa, ndiyo heshima. Aliiosha mara mbili. Alisema chakula kilikuwa kitamu, akawa anangoja nafasi atualike kwake, lakini akaona mlango wetu haufunguki.

Nilimshika mkono, nikamega mkate wake nikala, na ulikuwa hauna chumvi, na mpaka leo sijala kitu kilichonikaa kooni kama kile.

Baada ya hapo nilifungua maboksi. Ndiyo, wakati ule. Nilishona mapazia, nikajifunza jina la barabara, Lena akawa anakuja na kuondoka bila kubisha. Lakini nyumba ilikuwa imeshaharibika machoni pangu na nikamwambia babako siwezi. Alikuwa anaipenda kazi yake na analipenda lile jengo. Hakubishana. Tukarudi Likoni, yeye akawa anatengeneza injini za watu kwa vibarua, leo kuna kazi kesho hakuna. Kila nikimwona amekaa barazani mikono mitupu nilikuwa nataka kumwambia pole kwa lile neno la siku ya kwanza. Nilidhani iko siku. Alipougua nilikuwa nashughulika na dawa na mito na wageni, na ikapita.

Ndiyo maana nakuomba. Keshokutwa Farid atakufungulia mlango. Mimi nimeiona nyumba hiyo kwenye simu, alipokuwa akitutembeza, na najua wewe ulikuwa unacheka kochi lake. Kochi ni baya, nakubali. Limekaa kama ngamia aliyechoka. Lakini ulimwona alivyolipapasa akituonyesha? Ulimsikia alivyosema, "Hapa ndipo Mama atakaa akija"? Mwanamume yule amelala peke yake kwenye nyumba tupu akifikiria wapi pakae nini. Utakapofika usiangalie kochi, muangalie yeye. Sema neno jema, na ulikumbuke kulisema umechoka, umetapikiwa na Yahya, na huna hamu ya kumwona mtu.

Na fungua maboksi. Vyombo vizuri vitoe mvilie. Vikivunjika, vimevunjika kwenye kazi yake. Mahali mnapoishi pajue kwa jina, umfundishe Nasra alitaje hata ukimwamsha usingizini. Na jirani mgongee wewe, usimngoje, ukimpelekea kitu na sahani ikarudi tupu, cheka, mwanangu, mpelekee nyengine. Kama hakutaki kweli atakwambia kwa njia nyingi, hakosi. Usimhukumu kwa sheria za Timbwani mtu ambaye Timbwani haijui iko wapi.

Haya ninayokwambia hayaniji kwa raha. Usidhani mamako amekaa hapa ametulia, anatoa busara. Sitaki uende. Nimelificha hili tangu karatasi zenu zilipotoka, nimepiga vigelegele na wenzangu, lakini sitaki. Nilikulea peke yako baada ya Twalib, na ulipoolewa nilishukuru Mungu kwamba Farid alikubali mkae hapa, na watoto wakazaliwa hapa, na asubuhi nikawa naamshwa na Nasra akiniita kabla sijafungua macho. Kesho jioni nitatandika mkeka wa chakula na sitajua nitandike upande gani.

Na najua ukinisikiliza itakuwaje. Ukikaa kule kwa moyo mmoja, utapata watu. Watoto watasema kama wa huko, Yahya nitakuwa namuuliza jambo na yeye anamtazama mamake amtafsirie. Mtakuja likizo, mara mtakuja kila baada ya likizo mbili. Mimi nitazeeka kwenye simu. Huenda nikafa ukaambiwa nimeshazikwa, kwa sababu sisi hatungoji. Yote hayo nimeyafikiria, nimeyalilia, na bado nakwambia kaa. Ukiacha moyo wako hapa na mwili upeleke kule, mimi sitapata moyo wako wala watoto hawatapata mama. Najua kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya, na nyanyako hakufaidika na zile simu hata kidogo. Alikuwa akizipokea anahuzunika.

Sasa chumba chako.

Leo mlipoondoka tu kwenda kuvuka, Mama Kadzo aliniletea watu. Ni mke na mume, vijana, wametoka Kongo. Mume amepata kibarua cha kupakia mizigo Changamwe. Mke anaitwa Furaha, ana mimba kubwa, miguu imejaa maji, na wanalala kwa mtu ambaye ameshawaambia watoke. Kiswahili chake ungekisikia ungeanguka kwa kicheko, lakini ni binti mwenye adabu, ameniamkia kwa kupiga goti. Mama Kadzo aliwaleta akijua nina chumba, kisha akakumbuka ni chako, akawa ananikonyeza nikatae.

Nilifungua wakione tu. Furaha alisimama kizingitini hakuingia. Alitazama ukuta, kitanda, dirisha, kisha akaniuliza polepole, "Mama, mutatuachia tupige musumari moja? Ni ya kutundika picha ya mama yangu."

Mwanangu, nilikaa kitandani kwako nikalia, mpaka wakaogopa. Mume akaanza kuomba msamaha, akadhani msumari umeniudhi. Nikawaambia pigeni. Pigeni mingi.

Watahamia Jumamosi. Kabati nitalivutia kwangu, nguo zako ulizoziacha nitazikunja. Kitanda watakilalia wao, mjamzito hawezi kulala chini. Ufunguo ulionipa jana nimeshampa Furaha, na nyundo nimempa mumewe.

Najua utakasirika. Kasirika, una haki, niliitikia haya na sasa nafanya jengine. Ukifika huko nipigie unigombeze nikusikie. Lakini usijiwekee kwamba kuna chumba kimefungwa Likoni kinakungoja, kwa sababu hakipo tena. Kwako ni huko anakokungoja Farid. Hapa ni kwa mamako.

Na siku mkija, inshallah, mtakuja wageni, nitawapikia kama wageni. Watoto tutawatandikia godoro chini. Wewe utalala na mimi kitandani kwangu, upande wa ukutani, kama ulipokuwa mdogo.

Mamako